GHAFI AU SI GHAFI? MKULIMA WA ALIZETI AJIBIWE

Atokaye Dodoma mjini kwa barabara ya Arusha hufika Msalato kabla hajakaa sawasawa kitini. Siku ya mnada pana ng'ombe, mbuzi, vumbi na moshi wa nyama choma. Na kando ya barabara pana madumu ya mafuta ya alizeti yamepangwa mistari, yakimetameta juani. Msafiri husimamisha gari, huuliza bei, huomba apunguziwe, hununua, huenda zake. Kwake yeye hayo ni mafuta tu. Kwetu sisi dumu lile ni ada ya shule, ni bati la nyumba, ni deni la mbegu lililolipwa au lililobaki.

Sasa twauliza: nani hupanga bei ya dumu lile? Wengine watasema ni mwenye mashine ya kukamua. Wengine watasema ni dalali. Twasema hao nao huipokea bei kama sisi tunavyoipokea. Bei ya alizeti ya Msalato hupangwa mbali na hapa, bandarini Dar es Salaam, siku meli ya mafuta ya mawese kutoka Malaysia au Indonesia inapofunga gatini, na mtu anapoandika katika karatasi za forodha neno moja: "ghafi". Neno hilo ndilo tunalotaka kulizungumza leo, maana wengi wetu tunalima miaka nenda rudi bila kujua kwamba limeingia shambani mwetu.

NENO LENYE BEI

Mafuta ghafi ni nini? Sheria ya forodha haikuficha. Mafuta ya mimea huhesabiwa kuwa ghafi ikiwa yamekamuliwa, kisha yakatuamishwa au kuchujwa, basi. Yakiisha kuondolewa rangi, harufu na asidi kiwandani, hayo si ghafi tena. Mawese ghafi ni mekundu na yana harufu yake. Yaliyosafishwa yana rangi ya manjano hafifu na hayana harufu. Katika hesabu ya forodha inayotumika duniani, mawese ghafi yana namba 1511.10 na mawese mengine yote yana namba 1511.90. Kati ya namba hizo mbili hakuna ya tatu iliyowekwa kwa ajili ya mafuta yaliyo "ghafi kidogo".

Shabaha ya kutenganisha ni njema. Mafuta ghafi hutozwa ushuru mdogo ili kiwanda chetu kipate kazi ya kuyasafisha, na kijana wetu apate ajira. Yaliyosafishwa hutozwa zaidi kwa sababu kazi hiyo imekwisha kufanywa na watu wa nchi nyingine. Lakini penye viwango viwili pana kishawishi. Kabla ya Julai 2018 ghafi yalitozwa asilimia 10, na yaliyosafishwa asilimia 25. Tupige hesabu ya darasa la nne. Shehena ikiwa na thamani ya shilingi bilioni 10, ikiitwa ghafi italipa bilioni 1. Ikiitwa iliyosafishwa italipa bilioni 2 na nusu. Neno moja, bilioni 1 na nusu! Ni nani kati yetu aliyepata kuandika neno lenye bei kama hiyo?

Mwezi Mei 2018 jambo hili lilifumuka hadharani. Mafuta yalikaa bandarini Dar es Salaam huku wenye shehena wakisema ni ghafi, na watoza ushuru wakisema si ghafi. Sampuli zikaenda maabara, majibu yakabishaniwa. Ramadhani ikabisha hodi na bei ya mafuta ikapanda madukani. Mwisho ugomvi ukaingia Bungeni, hapa hapa Dodoma, mwendo mfupi kutoka Msalato. Mwezi uliofuata bajeti ikapandisha ushuru: ghafi asilimia 25, yaliyosafishwa asilimia 35.

Hatusemi kwamba mfanyabiashara fulani alidanganya, wala kwamba ofisa fulani alikosea. Hatukuwamo maabara. Twasema hivi: jambo linaloweza kujulikana kwa kutazama rangi na kupima asidi katika chupa moja ya mafuta liligeuka kuwa ugomvi wa taifa zima. Na wakati wakubwa wakibishana, mama lishe alikuwa anapandishiwa bei sokoni na mkulima alikuwa anavuna bila kujua atauza kwa kiasi gani. Fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Mwaka ule nyasi tulikuwa sisi.

KANUNI SI ADUI YETU

Pasitokee mtu wa kusema kwamba sisi wa Msalato tunapinga kanuni. La! Yeyote aingizaye chakula nchini yampasa kuonyesha kwamba chakula hicho ni salama. Tangu mwaka 2012 Shirika la Viwango, yaani TBS, lina utaratibu wa kukagua bidhaa huko huko zinakotoka kabla hazijapakiwa, ili zije na cheti. Tangu Julai 2019 kazi ya usalama wa chakula, iliyokuwa ya TFDA, imo mikononi mwa TBS vilevile. Tume ya Nguvu za Atomiki nayo hupima mionzi katika vyakula vinavyoingia. Mamlaka ya Mapato huangalia thamani na ushuru. Na mafuta ya viwandani hutakiwa kuongezwa vitamini A kwa kanuni zilizowekwa mwaka 2011, kwa ajili ya macho na afya ya watoto wetu.

Yote hayo ni mema, na sisi tunayajua maumivu ya kukosa ulinzi. Mwaka 2016 sumukuvu katika mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Waliokufa walikula chakula cha nyumbani kwao, kilichotoka ghalani mwao, na jicho halikuona kitu. Tangu wakati ule hakuna mtu wa huku awezaye kucheka akisikia neno "maabara".

Lakini kanuni ni kama kipimo cha dukani. Kikiwa kimoja kwa wote, ni haki. Kikiwa viwili, ni wizi. Kijana wa Msalato mwenye mashine moja ya kukamua huambiwa alete cheti, ajenge chumba chenye vigae, abandike lebo, aandike tarehe ya kutengeneza na tarehe ya mwisho wa matumizi. Vema, na avilete vyote. Lakini je, mafuta yanayoshushwa usiku kwenye bandari bubu za pwani yana lebo gani? Nayo yamepimwa na nani? Na yale yanayoshushwa mchana, kwa bomba, maelfu ya tani kwa meli moja, nani kati yetu sisi wanunuzi amepata kuyaona majibu ya vipimo vyake yakibandikwa ukutani ayasome? Dumu la Msalato linasimamishwa barabarani likaulizwa maswali. Tangi la bandarini nalo liulizwe, na jibu lisomwe kwa sauti.

Tena mtu asimdharau mkamuaji mdogo kwa kusema kwamba mafuta yake ni ya kienyeji. Viwango vya Codex, chombo cha chakula kilichoundwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1963, vinayatambua mafuta ya kukamuliwa tu bila kusafishwa, na vimeyawekea kipimo chake. Asidi ya mafuta yaliyosafishwa isizidi 0.6, ya mafuta ya kukamuliwa isizidi 4. Kipimo cha kuchacha, kiitwacho peroksaidi, kisizidi 10 kwa yale ya kwanza na 15 kwa haya ya pili. Basi mlango upo. Mkamuaji wa Msalato haombi huruma. Anaomba apimwe, na wenziwe wapimwe.

MVUA HAINGOJI BAJETI

Sasa tufike kwenye kidonda chenyewe. Mvua yetu ya Dodoma ni moja tu kwa mwaka. Huanza Desemba, huisha Aprili. Alizeti hupandwa mvua ikishika, huvunwa kuanzia Mei. Bajeti husomwa Juni, na viwango vipya vya ushuru huanza tarehe 1 Julai.

Ndugu, tafakarini hesabu hiyo ya miezi. Mkulima anaamua Desemba. Ushuru unaamuliwa Juni. Anapoambiwa kwamba mlango wa bandari umefunguliwa au umefungwa, gunia lake limekwisha kushonwa. Mwenye meli akisikia habari mbaya aweza kuipeleka meli yake Mombasa. Mkulima wa Msalato atalipeleka wapi shamba lake?

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza tarehe 1 Julai 2022 kiwango kipya cha pamoja cha asilimia 35, na mafuta ya kula yamo katika orodha ya bidhaa zake. Tulifurahi. Lakini kanuni hizo hizo za Jumuiya zampa kila mwanachama nafasi ya kuomba atoze kiwango kingine kwa mwaka mmoja, na mwaka ukiisha aombe tena. Basi uzio unaong'olewa na kuchimbiwa upya kila mwaka huo si uzio. Mbuzi wamekwisha kuujua.

Na sisi hatukukaa bure. Mwaka 2021 serikali iliichagua mikoa mitatu, Dodoma, Singida na Simiyu, kuwa mikoa ya mbele katika alizeti. Tukahimizwa kulima, na mbegu za ruzuku zikaletwa. Tuliitikia. Watu walipanua mashamba, wengine wakakodi matrekta. Kisha katika msimu wa 2023 bei ya alizeti ikaanguka vibaya, Singida na huku kwetu, hata wabunge wakalia Bungeni kwa niaba ya wakulima wao. Mtu uliyemwambia "lima" ukamwacha na magunia ndani ya nyumba, mwaka unaofuata utamwambia nini? Atakujibu kwa jembe lake: atapanda mtama wa kula, na alizeti atakuachia wewe.

Nchi hii yetu ya tambarare ilikwisha kuona mafuta yakipangwa na watu wasiotazama mvua. Kongwa, jirani zetu wa mashariki, ndipo Waingereza walipoleta mpango wao wa karanga mwaka 1947. Vita vilikuwa vimekwisha, kwao hapakuwa na mafuta ya kupikia, wakaja kuyatafuta katika ardhi ya Wagogo. Walileta matrekta, wakajenga na tawi la reli. Hawakuleta subira ya kuwauliza wenyeji habari za ukame na udongo. Mwaka 1951 serikali yao ikauacha mpango ule, na pauni milioni 36 za walipa kodi wao zikafutwa vitabuni. Leo twaona kinyume cha mambo: wao walitaka tuwalishe mafuta wakashindwa, na sisi tunaoweza kujilisha tunangoja meli. Lakini kosa ni lile lile. Karatasi ilipangwa bila kalenda ya mvua.

TUNAWAJIBU WANAOSEMA BEI ITAPANDA

Wako ndugu zetu wa mjini wanaosema: "Ninyi wakulima mnataka ushuru mkubwa ili sisi tule kwa shida." Neno lao si la kupuuzwa. Mama lishe ananunua mafuta kwa kipimo kidogo kidogo, na kila shilingi inayoongezeka inatoka katika faida yake ya siku. Tena ni kweli kwamba mafuta yetu hayajatosha. Serikali yenyewe ilieleza, miaka ya 2020 na 2021, kwamba nchi yahitaji kama tani 570,000 kwa mwaka, na kwamba inayozalisha ni kama tani 205,000. Ushuru peke yake haukamui hata tone moja. Tumeupandisha mwaka 2018, na meli bado zinakuja.

Lakini nao na watujibu swali letu. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipozuia alizeti ya kule, na Indonesia ilipofunga usafirishaji wa mawese mwezi Aprili hata Mei, ni nani aliyepandisha bei ya mafuta Dodoma? Si mkulima wa Msalato. Ni kuitegemea jiko la mwenzako. Serikali ya nchi nyingine iliamka asubuhi ikafunga mlango wake kwa ajili ya watu wake, na haikukosea, maana watu wake ndio waliotangulia. Sisi tukabaki tunatazama bahari. Mafuta rahisi ya meli ni rahisi mpaka siku yasipokuja.

Kwa hiyo hatutaki ushuru wa kumkomoa mtu. Twataka ushuru unaojulikana mapema, unaokaa, na unaolipwa na kila mtu kwa jina la kweli la mzigo wake. Kiwanda kitakachojua kwamba mlango hautabadilishwa ghafula kitaweka wakala Msalato, kitanunua mbegu, kitamkopesha mkulima. Kiwanda kisichojua kitangoja meli, na hatuwezi kukilaumu. Mkulima akilima kwa moyo mfululizo, mafuta yataongezeka, na hapo ndipo bei ya mama lishe itakaposhuka kwa haki. Mkulima na mama lishe si maadui. Wote wawili wanapandishiwa na kushushiwa bei na karatasi wasiyoiona.

NA SISI TUJIKOSOE

Haifai kumnyooshea mtu kidole huku vyetu vina masizi. Wako kati yetu wanaochanganya. Mtu hununua mawese ya dukani, humimina katika dumu, huongeza alizeti juu, huita yote alizeti safi ya Dodoma. Asubuhi ya Julai, baridi yetu ikipiga, dumu linaganda na aibu inaonekana, maana alizeti halisi haigandi hivyo. Aliyenunua harudi tena, na huwaonya wenziwe. Mchanganyaji mmoja amewaharibia biashara majirani hamsini.

Wako wanaokamua mbegu zenye ukungu. Wako wanaouza mafuta yasiyotuama, yenye tope chini. Wako wanaotumia madumu ambayo jana yalibeba kitu kingine. Na karibu wote tunayapanga madumu juani kutwa nzima ili yang'ae, hali jua ndilo linalochachusha mafuta upesi. Tuyafunike. Tukaushe mbegu vizuri kabla ya kukamua. Tuwasafishe wenyewe watu wa namna hiyo kutoka katika mstari wetu wa barabarani, tusingoje mkaguzi. Mwenye nyumba chafu hana ulimi wa kudai usafi bandarini.

TUNACHOTAKA

Kwanza, twataka kila shehena ya mafuta ya kula inayoingia itangazwe wazi: imetoka wapi, ni tani ngapi, mwenyewe aliiitaje, maabara iliikuta ni nini, na imelipa ushuru gani. Asiye na la kuficha haogopi ubao wa matangazo.

Pili, sampuli ya mafuta ichukuliwe mbele ya pande zote, ifungwe kwa lakiri, na nakala yake itunzwe. Ukizuka ubishi, ipimwe tena kwa siku chache zilizowekwa, si kwa majuma. Ugomvi wa Mei 2018 usirudi.

Tatu, kiwango cha ushuru kitangazwe kabla ya mvua, na kikae misimu mitatu. Mkulima apande akijua. Na serikali yetu iupeleke msimamo huo katika Jumuiya, isiwe kila mwaka inaomba ruhusa mpya.

Nne, mwenye kiwanda anayepewa nafuu kwa kuingiza mafuta ghafi aonyeshe pia ni magunia mangapi ya mbegu amenunua kwa wakulima wa nchi hii. Nafuu ni mali ya umma, na umma una haki ya kuona imezaa nini.

Tano, wapimaji waje kwenye mnada. Kifaa cha kupima asidi si mzigo wa kubebwa na treni. TBS kwa kushirikiana na SIDO wamekwisha kuwasaidia wajasiriamali wadogo kupata alama ya ubora. Na msaada huo usogee mpaka kwenye mashine za vijijini. Dumu likipimwa hapa na kubandikwa alama, mchanganyaji atakimbia mwenyewe.

Ndugu wanachama na wapenzi wa chama, haya si mambo ya wataalamu peke yao. Yajadilini katika mikutano ya matawi. Mwiteni mbunge, mwiteni diwani, waulizeni: mwaka huu ushuru wa mafuta ni kiasi gani, na mwaka ujao je? Asiyejua aende akaulize, kisha arudi na jibu. Tukinyamaza tutaendelea kuandikiwa.

Hapa Msalato pana mradi wa uwanja mkubwa wa ndege wa kimataifa, uliowekewa jiwe la msingi mwaka 2022. Wageni wa dunia watashuka mahali ambapo babu zetu walichunga. Twafurahi. Lakini itakuwa aibu gani mgeni ashuke kwenye shamba la alizeti, kisha akaangiwe yai kwa mafuta yaliyovuka bahari kama yeye?

Desemba itafika. Mkulima atasimama mlangoni na mbegu kiganjani, akitazama mawingu. Kwa habari ya mvua, amezoea kumwachia Mungu. Kwa habari ya forodha, hana sababu ya kumsumbua Mungu: forodha ni kazi ya watu, tena watu tunaowalipa. Basi na wamjibu kabla hajapanda. Ghafi, au si ghafi?